Nilivyoupima mguu wangu wa majaribio kwa gunia la mawe, hapa Kolwezi

Wakuu, habari za mchana. Nawaandikia kutoka Kolwezi, Kongo, nikiwa nimekaa mlangoni kwangu.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote nacheka na nyuzi zenu halafu napita. Ila hili limenikaa kifuani, na nitalisema lilivyo, hata pale linaponivua nguo. Naapa kwa Mungu na kwa mguu wangu wa kushoto. Wa kulia tutaufikia.

Kiswahili chetu cha huku kimechanganyika na Kifaransa na lugha za wazee. Nitajitahidi kuandika chenu, ila watu wakiongea nitawaacha waongee.

Kwetu asili ni Maniema. Baba alikuja huku na biashara ya vitambaa, kaka zangu wakashika malori ya Fungurume. Mimi nikaingia shimoni. Creuseur, ndivyo tunavyoitwa sisi tunaochimba shaba na kobalti kwa mikono. Baba alinikanya sana. Sikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Siku moja jiwe lilitoka ukutani likanipiga muundi wa kulia.

Mfupa ulisagika. Hospitali wakanifunga vyuma, usaha ukaingia, wakatoa vipande vilivyokufa. Mwisho likabaki pengo la vidole vitatu: mfupa juu, mfupa chini, katikati hakuna kitu. Wakakata kipande cha nyonga yangu wakajaza. Hakikushika.

Yakabaki mawili. Kukatwa mguu, au kuingia kwenye majaribio ya mfupa wa kutengenezwa.

Daktari wetu wa mifupa ni mama mmoja wa Lubumbashi, hana kelele, akikuangalia unajikuta unakaa sawa. Alinionyesha hiyo dawa kwenye kichupa. Punje nyeupe, kama chumvi ya mawe. Nikaomba nizishike, maana mchimbaji akipewa jiwe lazima alipime kwa kiganja. Nyepesi mno! Nikacheka, nikamwambia hii haina teneur. Teneur ndiyo kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe, na huku ndilo neno la kwanza mtoto wa mchimbaji analijua.

Yeye hakucheka. Alinijibu akiniita tata, yaani baba, kwa heshima ya huku.

"Hii si mufupa, tata. Ni sawa zile mbao munawekaka mu shimo, udongo isianguke. Mwili yako njo itajenga. Ikimaliza kujenga, mbao zitapotea zenyewe."

Hapo nilimwelewa. Kwa miaka minane nilikuwa nalala chini ya mbao za namna hiyo.

Masharti yalikuwa machache. Nitembee na magongo mpaka yeye aseme basi. Nije kila nikiitwa, wapige radio, yaani picha ya mfupa. Na kila kitakachoupata ule mguu nikiseme, hata nikiteleza bafuni. "Hata ikiwa bitu bya haya," alisema. Nikasaini. Wakanipasua, wakajaza zile punje kwenye pengo, wakafunga na vyuma vipya.

Tulikuwa wachache, kundi la kwanza. Nyuma yetu kulikuwa na kundi la pili linangoja. Ikionekana dawa inavunjika ndani yetu, wangesimamisha kila kitu, na wale wa nyuma wasingepata.

Mmoja wa hao wa nyuma alikuwa Mama Ngoie. Mama wa Tenke, muuza samaki wakavu, aligongwa na lori akabaki na pengo kama langu. Tulikuwa tunakutana kwenye benchi la korido siku za kliniki. Kila mara swali lake lilikuwa moja.

"Tata, inashika?"

"Inashika, mama."

Na kweli ilikuwa inashika. Mwezi wa nne, wa tano, daktari ananionyesha radio, pale penye pengo panazidi kuwa peupe. Anasema tunaenda vizuri, tusiharakishe.

Sasa wakuu, hapa ndipo ujinga wangu ulipo, na bila kuwaeleza maisha yetu hamtauelewa.

Sisi mashine hatuziamini. Unatoa jiwe lako shimoni, unalijua kwa uzito na kwa rangi. Unalipeleka depo, mnunuzi anaweka kimashine chake juu ya gunia, anakwambia jiwe lako ni maskini. Kila siku ni maskini! Ukibisha, anakuonyesha namba kwenye kioo cha mashine. Miaka minane nimeonyeshwa vioo.

Ila dari la shimo hatupimi kwa kioo. Unachukua mtaimbo, unagonga, unasikiliza. Likijibu kwa sauti ngumu, unaingia. Likijibu kama debe tupu, unakimbia. Sikio langu halijawahi kunidanganya, ndiyo maana nilitoka hai mara nyingi.

Basi nikajiambia, hii radio nayo ni kioo cha mtu mwingine. Mguu ni wangu, nitaupima mwenyewe.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mke wangu yuko sokoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua mpini wa nyundo, nikagonga muundi taratibu kuanzia goti kushuka. Nikasikiliza. Niliona unajibu vizuri. (Ndiyo, chekeni. Mtu mzima anagonga mguu wake kama anachagua tikiti maji.)

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na uzi.

Uani kulikuwa na nusu gunia la mawe, masalia ya kazi ya zamani. Nikaweka magongo chini. Nikalitupia begani. Nikatembea.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Machozi ya furaha yananitoka. Ya nne nikamtukana mnunuzi wa depo kwa jina.

Ya tano nikausikia mfupa ukilia ka, nikaanguka.

Mke wangu alinikuta chini. Nikamwambia nimeteleza nikifua. Na kliniki ilipofika, daktari akaniuliza kama kuna kilichoupata mguu. Nikasema hapana docta, hakuna kitu.

Kwa nini nilidanganya? Haya tu, wakuu. Na hofu kwamba atanitoa kwenye majaribio na kunipeleka kwenye msumeno.

Alipiga radio. Aliiangalia kwa muda mrefu. Ufa umekatiza pale peupe, skrubu mbili zimekatika. Akaniuliza tena. Nikajibu vilevile. Akachukua faili akaandika, na nikajua anachoandika: dawa imeshindwa yenyewe.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la korido. Mama Ngoie yuko pale, na begi lake la kulazwa, kanga mpya imekunjwa juu. Siku yake ya upasuaji ilikuwa kesho yake. Baada ya kitambo nesi akatoka, akamwambia arudi kwanza Tenke, kuna tatizo kwa mgonjwa mmoja, kazi imesimama hawajui mpaka lini.

Yule mama hakulia. Alisema tu, "Basi banikate. Nimechoka kungoja."

Halafu akanigeukia.

"Tata, si ulisemaka inashika?"

Nilichukua magongo yangu nikarudi mlangoni kwa daktari. Sikugonga hata hodi.

Nilimwambia yote. Nyundo, gunia, hatua tano. Nikamwambia na habari ya kioo cha depo, kama mtoto anayejitetea.

Akasema maneno ambayo nitazikwa nayo: "Mashine ya depo inataka jiwe yako. Hii picha yangu hainunue kitu kwako, tata."

Hakufuta alichoandika. Alipiga mstari mmoja juu yake, akaandika pembeni ukweli wangu, akanipa kalamu nisaini. Nilisaini.

Hakunifukuza. Alinipasua tena kurekebisha vyuma. Aliniambia baadaye kwamba upande mmoja mfupa wangu mwenyewe ulikuwa umeshaanza kujijenga kwenye zile punje, mchanga bado, ungehitaji miezi tu. Miezi! Nami niliutwika mawe.

Usaha ukarudi. Tulipigana nao wiki kwa wiki. Mwisho mguu ukakatwa, chini ya goti.

Majaribio yalikaguliwa, yakaendelea. Mama Ngoie akapasuliwa.

Juzi amekuja. Toka Tenke, na unga wa mahindi na jogoo, amemfunga miguu kwa kamba ya gunia. Amekaa hapa hapa nilipokaa mimi. Akaanza kunishukuru.

"Ile siku naliona vile ulirudia kwa docta. Ulienda kuniombea. Mungu akulipe, tata."

Wakuu, ningeweza kuitikia amina. Jogoo alikuwa mzuri, na mimi ni mtu wa mguu mmoja, nani angenilaumu?

Nikamwambia. Kwamba mgonjwa mwenye tatizo nilikuwa mimi. Kwamba nilibeba gunia, nikadanganya, na nikakaa naye benchi moja nikiwa nimeshadanganya.

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Na ningekatwa," alisema. "Weye ungeniangalia nikikatwa."

Akasimama. Hakuaga. Jogoo akamwacha kwangu, sijui kwa hasira au kwa kumsahau.

Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona ya barabara ya lami. Anatembea haraka, amekasirika, anakanyaga kwa nguvu. Mguu hauchechemei hata kidogo.

Nilichojifunza si kikubwa. Ukiingia kwenye majaribio ya watu, mguu unabaki wako, ila ukweli wake una wenyewe wengine, wako benchi wanangoja. Mwambie daktari wako kila kitu, hasa kile cha kijinga.

Nawakaribisha. Wa kunitukana atukane, nimezoea. Ila kama kuna aliyewahi kumficha daktari jambo, aseme alimalizaje. Na nishaurini: huyu jogoo nimrudishe Tenke mwenyewe kwa magongo yangu, au nimwache huyo mama kwanza apoe?