Mabega Hakugeuka

Jumba la sinema nililofanyia kazi ujana wangu wote sasa linauza vigae vya bafuni. Pale palipokuwa na pazia jeupe wamepanga masinki, na kwenye kile kitundu cha juu ukutani, ulikotokea mwanga, wamefunga feni. Juzi niliingia. Muuzaji akaniuliza natafuta kigae cha rangi gani. Nikamjibu kwamba natafuta safu ya nane, kiti cha katikati. Akaenda kumwita meneja.

Lakini nimeshika kalamu leo kwa ajili ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Taa. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kile kitundu. Mimi nilikuwa mlangoni nikichana tiketi, na dada yangu alikuwa dirishani akiziuza. Kwa hiyo mambo haya sikusimuliwa.

Mashine zile hazikuwa za kubonyeza swichi ukaenda zako. Taa yake ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana bila kugusana, na katikati yao moto mweupe usiotazamika kwa macho matupu. Vijiti viliisha kama penseli, na ilibidi mtu avisogeze kwa mkono kila baada ya dakika chache. Ukichelewa, picha inakuwa ya manjano na ukumbi mzima unapiga miluzi. Miluzi ya namna hiyo ilipigwa mara mbili tu katika zama za Bwana Taa, na mara zote mbili alikuwa na homa.

Kila filamu mpya ilipoletwa, ilikuwa desturi yake kuiendesha asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, aone ina majeraha gani. Kwanza aliupitisha mkanda wote kati ya vidole, polepole, akitafuta mpasuko. Palipochanika alikata, akakwangua, akaunga kwa gundi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimu asubuhi, jibu unalipata saa nne.

Na watu walivaa kuja kutazama! Wanaume walipiga pasi kila kitu isipokuwa viatu. Siku hizi mtu anatazama filamu chooni, na katikati anaisimamisha ajibu ujumbe. Sisi tulikaa gizani mamia kwa pamoja, tukalia pamoja, na taa zilipowashwa kila mmoja akajifanya ana mafua.

Wale waigizaji majina yao yalikuwa marefu, hayatamkiki, tukawapa yetu. Mwanamume mkubwa wa zama hizo tulimwita Mabega. Mwanamke tuliyempenda kuliko wote tulimwita Kope. Mabega akivua kofia kwenye filamu, Jumatatu inayofuata vijana wote wa mjini wanavua kofia hivyohivyo, hata wasio na kofia. Mimi mwenyewe kusoma nilijifunza kwa maandishi yaliyopita chini ya nyuso za wale wawili. Yalipita haraka, hayakumsubiri mvivu.

Filamu yao iliyotutikisa kuliko zote ilikuwa ya mhandisi na mwalimu wa piano. Wanapendana, lakini mhandisi anaitwa kazini nchi ya mbali, na mwisho wanaagana kwenye daraja refu. Kope anabaki chini ya taa. Mabega anachukua sanduku lake, anatembea. Anatembea, anatembea, anakuwa mdogo kama mchwa, anapotea. Hageuki hata mara moja. Wanawake walitoka wakiwa wameloweka leso, na mwanamume aliyekuja na mchumba wake alilazimika kujitetea njia nzima kwa kosa la Mabega.

Sasa nitasema nilichokificha miaka arobaini na sita. Mabega aligeuka.

Aligeuka katikati ya daraja. Alisimama, akatua sanduku, akageuka, akavua kofia, akamtazama Kope kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Ndipo akaendelea na safari. Lakini asubuhi ile filamu ilipoletwa, dada yangu alikuwa na wiki moja tu kazini, na alikuwa ukumbini akifagia huku akiimba. Bwana Taa aliacha mashine akaenda kuchungulia kitunduni. Mkanda ukakwama, na ule moto mweupe haumsubiri anayechungulia. Nilisikia harufu ya kuungua nikapanda ngazi mbio. Nilimkuta ameshika utepe mkononi, na uso wa Mabega una tundu lenye ukingo wa kahawia.

"Shemeji," akaniambia, ingawa wakati huo hakuwa shemeji wa mtu, "nimemchoma."

"Kata ukaunge."

"Nikikata palipoungua tu, kichwa kitaruka kama cha kuku. Watacheka. Watacheka mahali pa kulia!"

Akakata kugeuka kote, tangu sanduku linapotuliwa hadi linapoinuliwa tena. Sekunde tano. Akaunga vizuri mno, hata mimi niliyejua sikuona mshono. Kile kipande alikikunja, akakitia kwenye kopo tupu la dawa ya viatu.

Hapo ingekuwa imekwisha, kama si karani wa posta.

Karani huyu alikuwa akimtaka dada yangu, na mama yetu alimpenda kwa sababu alikunja leso pembe nne. Mwaka uleule akapata nafasi ya masomo ng'ambo, miaka mitatu, akamwomba dada amsubiri. Dada alikuwa ameitazama ile filamu mara kumi na mbili. Akamkatalia. Mama alipouliza kwa nini, alijibu mbele yetu sote: "Mama, mwanamume akishaondoka hageuki. Hukumwona Mabega?" Mwaka uliofuata akaolewa na Bwana Taa.

Maneno yale yakawa wimbo wa nyumba yao. Bwana Taa akienda dukani akasahau chumvi: "Mabega hakugeuka." Mtoto wao akienda shule bila kuaga: "Kama Mabega." Dada alicheka, wageni walicheka, na Bwana Taa aliangalia sakafu. Mimi nilijua kwa nini. Aliamini amempata mke kwa mkasi. Aliamini kwamba kama angeuacha uso ule ugeuke, dada yangu angemsubiri karani, angekuwa leo mke wa mtu mkubwa mwenye bustani.

Mwezi uliopita dada alitolewa mtoto wa jicho. Mjukuu wao wa kike, ambaye ni muuguzi, alimsimamia tangu kulazwa hadi kufunguliwa bandeji. Alipomuuliza bibi yake anataka kuona nini kwanza kwa macho mapya, bibi hakufikiri. "Mabega," akasema.

Yule binti akatafuta kwenye mitambo yao hiyo, akaipata. Akamjulisha babu yake kwa furaha: filamu nzima, imesafishwa, kamili, haijapungua hata kipande. Wangeitazama Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Jumamosi asubuhi Bwana Taa alikuja kwangu. Hakukaa.

"Shemeji, kesho utazirai."

"Nitazirai?"

"Kidogo tu. Mabega akifika katikati ya daraja, wewe anguka. Mzee wa umri wako akianguka, hakuna atakayeshangaa."

"Na mjukuu wako muuguzi? Atanipasua nguo anisikilize moyo."

"Basi kohoa."

"Nikohoe sekunde tano wakati dada yangu ana macho mapya? Macho hayazibwi kwa kikohozi."

Akakaa sasa, kwenye kiti ambacho nilikuwa nimeweka magazeti. "Miaka arobaini na sita," akasema. "Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Sasa kesho yenyewe imekuja na runinga." Akanitazama. "Atauliza alichaguaje, shemeji. Mtu wa miaka sabini na moja, atajiuliza maisha yake aliyachagua mwenyewe au nilimkatia mimi."

Nilimpa chai, hakuinywa.

Jumapili tulikuwa wanne sebuleni. Dada alikaa mbele, na miwani myeusi aliyopewa hospitali ameiweka kichwani kama binti wa pwani. Mjukuu alikaa sakafuni. Bwana Taa alichukua kiti cha mlangoni, na mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba. Nilijua kilichomo.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule binti. Hawa wamezaliwa na rangi zote, nikasema, atacheka picha nyeusi na nyeupe, ataitazama simu. Kwa dakika kumi aliitazama kweli. Kisha Kope akaingia kwenye chumba cha piano, akainua uso, na ile simu ikawekwa chini ya mto, isitoke tena. Kope alikwisha kufa kabla binti huyu hajazaliwa. Lakini aliinua uso tu, kama alivyouinua kwetu, na mtoto wa watu akasahau kufunga mdomo.

"Bibi, mbona hata hawashikani?" akauliza.

"Ngoja, mwanangu. Wanashikana kwa macho."

"Na wewe Babu Gazeti, ulikuwa unalia?" akanigeukia mimi, kwa jina alilonipa kwa ajili ya magazeti yangu.

"Nilikuwa na mafua," nikasema.

Tukafika darajani. Mabega akachukua sanduku. Dada akaanza kutikisa kichwa kabla ya wakati, kama anayeujua msiba. Nikamtazama Bwana Taa. Akasimama. Nikadhani anakwenda kujisimamisha mbele ya runinga, na kwa kweli alikwenda, akasimama pale, mwanga wa daraja ukimpiga mgongoni.

"Babu, unaziba!"

"Simamisha hicho kitu," akamwambia, kisha akamgeukia mkewe. "Mama, hapa ndipo nilipokata."

Binti akasimamisha. Na yule mtu wa maneno machache akaongea mengi kuliko nilivyomsikia akiongea maisha yake yote: moto, tundu, mkasi, gundi, karani. Hakuniacha na mimi nje. "Na kaka yako alijua," akasema. Akamaliza: "Aligeuka, mama. Mimi ndiye niliyemzuia."

Dada hakumtazama. "Ondoka hapo mbele," akasema. "Mjukuu wangu, washa."

Mabega akatua sanduku. Akageuka. Ile sura niliyoiona mara ya mwisho ikiwa na tundu la moto ilikuwa nzima, safi, na mvua juu yake. Akavua kofia. Akatazama. Akaivaa, akachukua sanduku, akaenda.

"Rudisha," dada akasema.

Akarudisha. Dada akatazama mara ya pili amejiinamisha mbele, mikono magotini. Mara ya tatu. Bwana Taa alikuwa amesimama kando ya runinga kama mtu anayesubiri daktari atoke.

"Kwa hiyo kageuka," dada akasema mwishowe.

"Kageuka."

"Na baada ya kugeuka?"

"Ee... kaenda."

"Kaenda. Shingo imegeuka, miguu imekwenda zake." Akaegemea kiti. "Sasa hapo wewe umenificha nini?"

Bwana Taa akanitazama. Nikamsaidia. "Karani, dada. Anasema ungemsubiri karani."

"Karani yupi? Yule wa leso?" Akaanza kucheka, cheko lile la tumboni ambalo lilikuwa halijasikika tangu macho yaanze kuharibika. "Jamani! Kaka, wewe hukuja kumsindikiza. Yule aligeuka mara nne! Aligeuka mpaka akaikanyaga miguu ya mama mmoja pale stendi, wakagombana. Mtu wa kugeuka kama yeye sijaona. Barua aliandika mbili. Mimi nilikuwa nimeshamkataa moyoni, nikatafuta la kumwambia mama, nikamsingizia Mabega." Akamgeukia mumewe. "Wewe ulikuwa kule juu unachungulia kitunduni. Ulidhani mimi niliimba namwimbia nani, viti?"

Bwana Taa akakaa chini, palepale sakafuni, kando ya mjukuu wake.

"Na hilo kopo," dada akasema, "lete."

"Unalijua?"

"La dawa ya viatu, juu ya kabati, nyuma ya blanketi la wageni. Miaka yote nimelijua. Nilidhani umeweka picha ya mwanamke."

"Mbona hukufungua?"

Dada akanyoosha mkono apewe kopo. "Niliogopa ningemkuta mzuri."

Bwana Taa akalitoa mfukoni. Kifuniko kilikuwa kimeganda. Mjukuu akakifungua kwa kijiko. Harufu kali ya siki ikajaa sebule, ndiyo harufu ya filamu inayokufa. Kipande kilikuwa kimejikunja na kukauka. Dada alikinyoosha kwa uangalifu, akaenda dirishani, akakiinua kwenye mwanga na kukitazama kwa yale macho mapya.

"Huyu hapa," akasema. "Mdogo kama kucha. Kumbe alikuwa na pua kubwa hivi!"

"Ndiyo maana nilimkata," Bwana Taa akasema. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza niliousikia baada ya miaka mingi, na si mzuri, lakini tulicheka wote mpaka binti akashika mbavu.

Kisha binti akaomba tuanze upya tangu mwanzo, kwa sababu babu alikuwa ameharibu mwisho. Jumba la vigae halitarudi kuwa sinema, na sina imani na mitambo hii. Lakini dada alifunga mapazia sebule ikawa na giza la kutosha, binti akaizima simu bila kuambiwa, na Bwana Taa aliponyoosha mkono kutaka ile rimoti, mkewe akaiweka upande wa pili.

"Wewe kaa hapa karibu yangu," akamwambia. "Na usiguse kitu."