Mguu Umepona, Rafiki Hajarudi

Admin, naomba unifichie jina. Na huyu rafiki yangu nitamwita Shabani, ingawa si jina lake.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, fundi seremala hapa Korogwe. Mke wangu alifariki, na binti yetu pekee ameolewa Mwanza, kwa hiyo nyumbani naishi peke yangu. Baada ya msiba nilikuwa nikifunga karakana nakula mkate na chai, nalala. Aliyenitoa humo ni Shabani, muuza mahindi wa mtaa wa pili. Alikuja asubuhi moja akitoka msikitini akaniambia, "Vaa raba, twende tukakimbie." Tangu siku hiyo tukawa tunakimbia pamoja njia ya mashamba ya mkonge, na tukirudi tunakunywa chai kwa mkewe. Watu walituita mapacha.

Mwaka jana kulikuwa na bonanza la mitaa, tukaingia mbio za kina baba. Shabani alikuwa nyuma yangu kidogo. Nilipochomoka tu nikasikia kishindo kisiginoni, kama mtu kanipiga teke kwa nguvu zake zote. Nikaanguka. Nikiwa pale chini nikauliza, "Nani kanipiga?" Sikusema neno jingine, maumivu yalinizidi.

Hospitali waliniambia kano inayoshika kigimbi na kisigino imekatika. Nikafungwa plasta ngumu. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kututazama siku ile ya mbio, akanichukua kwake Handeni. Sitamsema vibaya kaka yangu. Alikuwa akinibeba mgongoni kunipeleka chooni, na mgongo wenyewe unamsumbua. Baba yetu hayupo, yeye ndiye aliyebaki mahali pake.

Lakini Shabani hakuja. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikatuma ujumbe, kimya. Kila pikipiki iliyosimama nje nilinyanyua shingo. Mke wa kaka akiniuliza, "Unamngoja nani, shemeji?" namjibu hakuna.

Plasta ilipofunguliwa niliogopa. Kigimbi kilikuwa kimesinyaa, nikauona mguu kama si wangu. Dada wa mazoezi ya viungo akaniambia, "Baba, kano imeunga ila msuli umelala. Ukikimbia sasa utaikata tena. Na ukiuacha hivihivi, utachechemea maisha yako yote." Akanifundisha kushika ukuta, kunyanyua visigino na kushusha polepole. Akasisitiza nile mayai, maharage na dagaa, nilale vya kutosha, na nisikubali mtu anichue kwa nguvu. Nikarudi kwangu Korogwe, nikawa nafanya zoezi mlangoni kila siku. Zoezi lenyewe si gumu. Kilichoniuma ni kutokuwa na mtu wa kuniambia leo umenyanyua vizuri kuliko jana.

Siku moja kliniki nikamwambia yule dada kwamba hata leo nikifumba macho nalisikia lile teke. Akatabasamu. "Wengi wanaokatika kano hiyo husema hivyohivyo. Wanageuka kumtafuta aliyewapiga, hawamwoni. Ni kano yenyewe ilikatika, baba."

Ndipo nikalikumbuka swali langu pale chini, nikakumbuka na nani alikuwa nyuma yangu. Nilitoka kliniki moja kwa moja na fimbo yangu hadi kwa Shabani.

Alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Nilipomweleza maneno ya kliniki akasema, "Kaka yako alikuja hapa jioni ileile ya mbio, wanangu wanakula. Akasema nimekuvunja mguu kwa wivu, nisikanyage kwake wala nisikupigie simu. Nikamwambia sikukugusa. Akaniita mwongo mbele ya watoto wangu."

Nikamwambia sikujua, na niko tayari kuzungumza na watoto mimi mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Wewe sina neno na wewe. Lakini walimsikia yeye. Aje aseme hapahapa kwamba sikufanya. Akija, kesho yake tunakimbia."

Nikapanda basi kwenda Handeni. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ulipokuwa huwezi kusimama, nani alikubeba?"

"Ni wewe, kaka."

"Basi usinitume kwenda kupiga magoti kwa watu."

Shemeji alijaribu kumtuliza, lakini kaka akainuka akatoka nje. Nililala pale, asubuhi tukaagana kwa adabu bila kuligusa jambo lile. Mpaka leo hatujaligusa.

Sasa nimeruhusiwa kukimbia. Naanza kwa kutembea mpaka misuli ipate moto, kisha mbio za taratibu. Juzi nikamwona Shabani anakuja upande wangu. Akapunguza mwendo, akautazama mguu.

"Unakanyaga vizuri sasa," akasema.

"Alhamdulillah," nikajibu.

Nilitaka kugeuka niende naye. Akanipungia mkono, akaendelea. Nilibaki nimesimama nikisikiliza raba zake mpaka sikuzisikia tena.

Wenzangu mnaosoma hapa, nimekwama. Nikimbana kaka, nitaonekana sina shukrani kwa mtu aliyeniuguza. Nikinyamaza, Shabani anabaki na doa mbele ya wanawe kwa jambo ambalo hakulifanya, naye ndiye aliyenirudisha duniani nilipofiwa. Mguu umepona, namshukuru Mungu. Ila asubuhi nikishavaa raba nakaa kitandani muda mrefu, sioni sababu ya kutoka. Naombeni ushauri wenu, na hasa ninyi mliowahi kusimama katikati ya ndugu na rafiki: nifanye nini?