Mtani Niliyemfukuza Msibani

Mdomo wangu hauna breki, na kwa miaka mingi sikuona aibu kwa hilo. Mombasa nilikozaliwa, mwanamke asiyejibu hupandwa kichwani. Lakini yapo maneno mawili matatu niliyoyatamka Nyangamara, huko Lindi, uani kwa mama mkwe wangu, ambayo hadi leo natamani ningeyameza.

Mume wangu alikuwa mtu wa huko, Mmwera, fundi cherehani aliyekuja Mombasa kijana akanikuta. Mguu wake wa kushoto aliuvunja utotoni alipoanguka kutoka juu ya mkorosho, kwa hiyo alichechemea. Mara moja kila wiki alipiga simu kwao, na kwenye simu hiyo nilimsikia akimtukana mwanamke. "Wewe kikongwe, hujafa tu? Kaburi linakusubiri mpaka limeota majani!" Kisha anacheka mpaka machozi. Nikamuuliza, ni adabu gani hiyo? Akaniambia huyo ni mtani wake, kwamba ukoo wake na ukoo wa yule bibi ni watani tangu mababu, na kwamba wao wawili wamekua pamoja. "Nilipovunjika mguu yeye ndiye aliyenicheka wa kwanza. Na tumeahidiana. Atakayetangulia, mwenzake atamzika kwa kicheko." Nikasonya, nikaendelea kukuna nazi.

Tulisafiri mwaka ule kwenda kwao, mara yangu ya kwanza. Nilidhani nakwenda mahali ninapopajua: lugha moja, dini moja, nazi ile ile. Ebo! Siku ya kwanza tu nilijua niko ugenini. Mama mkwe aliweka mbele yangu sinia la vizizi vyembamba vya rangi ya udongo, vinatoka moshi.

"Ming'oko hiyo," mume wangu alisema. "Mama, mkaza mwanao anaiogopa."

Wanawake huichimba porini wakati wa kiangazi na kuichemsha na maganda yake kwa chumvi. Unashika mmoja, unauvuta katikati ya meno, ganda linabaki mkononi. Mimi niliomba kisu. Habari ikatembea kijiji kizima, watoto wakaja kusimama mlangoni kumtazama mgeni anayekula ming'oko kwa kisu. Mume wangu alicheka hadi akakohoa. Nilikasirika, lakini nilikuwa na raha, wallahi nilikuwa na raha. Siku zile nilijifunza kisamvu cha korosho zilizotwangwa, nikajifunza kwamba huko mtu hakupiti hivi hivi njiani. Husimama, hukuuliza wa kwenu mmoja mmoja, na wewe ukijibu kwa haraka unaonekana umekasirika. Nilionekana nimekasirika sana. Yule mtani wake tu sikumwona, alikuwa Mingoyo, njia ya Lindi, kwa binti yake.

Siku ya tisa mume wangu aliamka kwa sala ya alfajiri, akasema kifua kinambana. Gari la kumpeleka Lindi lilipofika, alikuwa ameshafariki. Sina maneno mengine ya kulisema jambo hilo.

Kufikia saa nne uwanja ulijaa. Wanaume walikuwa mbele, sisi wanawake uani, na nyuma ya shuka marehemu anaoshwa. Nimekaa mkekani sioni vizuri. Ndipo akaingia mwanamke mrefu amevaa kofia ya mume wangu. Na shati lake, lile la mistari nililolifua jana yake nikalianika kambani. Akaja anachechemea mguu wa kushoto. Akakohoa mara mbili, kama alivyokohoa yeye kabla ya kusema. Akasimama mbele yangu.

"Mke wangu, chai iko wapi? Chai gani hii, sukari yote umempelekea mama yako?"

Maneno hayo mume wangu aliniambia kila asubuhi ya ndoa yetu. Sauti ilikuwa yake. Wanawake walipasuka kwa kicheko, huku machozi yanawatoka, na mama mkwe mwenyewe, mama aliyemzaa, alicheka akiwa amejifunika kanga usoni.

Mimi sikukumbuka simu wala ahadi. Niliona mwehu amevaa nguo za mume wangu. Nikainuka nikamvua ile kofia kwa nguvu.

"Toka! Huna haya? Mume wangu hajafika kaburini wewe unamchezea ngoma! Toka hapa, mwanaharamu!"

Nilisubiri anijibu, maana nilitaka ugomvi, nilitaka kupiga mtu. Yeye alivua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mkeka. Kisha akaondoka. Na aliondoka vile vile, anachechemea mguu wa kushoto, bega la kulia limepanda, taratibu, kupita jikoni, kupita kisima, mpaka kwenye kona ya njia. Hakuuacha ule mwendo hata alipokuwa mbali. Binti yake, msichana mkubwa, alimfuata nyuma akinigeukia geukia.

Mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umemfukuza mtani msibani."

Nilikaa eda pale pale Nyangamara, miezi minne na siku kumi. Mtu wa eda hatoki, basi hata nilipoanza kuelewa nilichokifanya sikuweza kumfuata. Naye alikuwa amehamia kabisa Mingoyo kwa binti yake. Nilielewa polepole, hasa asubuhi wakati wa chai. Nilijaribu kuikumbuka sauti ya mume wangu, na kila nilipoikamata ilikuwa ya yule mwanamke. Alikuwa ameniletea mume wangu kwa mara ya mwisho, nami nikamtimua.

Mwezi wa tatu wa eda ukaja mzigo kutoka Mingoyo. Kikapu cha ming'oko, pamoja na ujumbe kwa mdomo wa aliyekileta: "Mpeni yule mke asiyejua kucheka. Mwambieni hii hailiwi kwa kisu."

Nililia nikala, nikaivuta kwa meno kama watu. Mama mkwe akaniambia, "Haya, mjibu." Nikamwambia yule mjumbe, mwambie asante sana.

"Asante?" Mama mkwe alishika kiuno. "Mtani hapewi asante! Mtukane! Mwambie ming'oko yake imeoza kama meno yake. Ukimshukuru anajua umemweka mbali."

Mimi, mwenye mdomo usio na breki, sikupata tusi. Asante yangu ikaenda hivyo hivyo, na jibu halikuja.

Eda ilipokwisha nilipanda gari kurudi kwetu. Gari lilisimama Mingoyo kupakia abiria. Niliambiwa nyumba iko nyuma ya soko tu, na dereva alikuwa anakunywa chai. Sikushuka. Nilijiambia nitakuja siku nyingine na zawadi mkononi. Kiburi kina visingizio vizuri.

Nilirudi baada ya mwaka mmoja na ushei. Nilikuwa nimemnunulia kanga, na njia nzima, tangu Tanga hadi Kilwa, nilikuwa natunga matusi. Nilipata mazuri. Lakini tulipofika Mingoyo sikushuka tena, safari hii kwa adabu: mkwe huanza kwa mama mkwe wake, kisha wengine. Nikasema kesho asubuhi.

Kesho yake asubuhi simu ya mama mkwe ililia kabla sijanywa chai. Mtani alikuwa amefariki alfajiri.

Tulikwenda mimi na mama mkwe. Njiani nililia, nikamwambia nimechelewa, matusi yangu yote sina wa kumpa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Mwanangu aliahidi kumzika kwa kicheko. Mwanangu hayupo. Wewe ni mke wake, utani wake ni wako. Kazi ni yako."

"Nitamwigiza nini, mama? Nilimwona siku moja tu!"

"Basi mwigize wa siku hiyo."

Uani Mingoyo wanawake walikuwa wamevimba macho. Binti yake alikuwa mkekani, mahali pa mfiwa, kama nilivyokaa mimi mwaka ule. Alinitambua, akainamisha uso. Nilijifunga kanga yangu juu juu kama alivyojifunga marehemu siku ile, nikajinyoosha niwe mrefu. Nikavua shati nisilolivaa, nikalikunja vizuri hewani, nikaliweka mkekani mbele ya binti. Kisha nikageuka nikaanza kwenda, nachechemea mguu wa kushoto, bega la kulia limepanda, taratibu.

Nilipita jikoni. Hakuna aliyecheka. Nikasema moyoni, Mungu wangu, nimeharibu msiba wa pili.

Ndipo nikamsikia binti nyuma yangu, sauti imekwaruza kwa kilio.

"Toka! Huna haya? Toka hapa, mwanaharamu!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka, wakapiga makofi, wakalia. Nami sikusimama. Niliendelea kuchechemea kwa mwendo wa mume wangu mpaka kwenye kona ya njia, nalia kwa sauti, nacheka.