Kisu cha Babu na Mkanda wa Hemedi

Watu wa Likombe wakimwona Tatu amejifunga khanga kiunoni, vidole vimeingia weusi wa utomvu, wanajua msimu wa kubebesha mikorosho umefika. Nyuma ya nyumba yake ana kitalu cha miche chini ya kivuli cha makuti, na wakulima wa mbali huja kuchagua wenyewe.

Kazi hiyo alifundishwa kwao Kitaya na babu yake, Mzee Salumu. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, aliwaita wanawe na wajukuu wote, akatoa mfukoni kisu chake cha kukunja, akampa Tatu.

"Huyu ndiye anayejua kukata bila kuumiza," alisema. Wa kununa wakanuna, na mambo yakaishia hapo.

Kisu chenyewe hakikuwa na sura ya kutamaniwa. Mpini wa pembe ulikuwa umekolea jasho la mzee, na bapa lilikuwa limelika kwa kunolewa hata likawa jembamba kama jani la mpunga. Lakini makali yake, we acha tu! Na kubebesha kunataka makali. Unakata kichwa cha mche, unaupasua kidogo katikati, unachonga kikonyo, kijitawi kichanga kilichotoka kwenye mkorosho unaozaa vizuri, unakichomeka kama kabari, unafunga kwa nailoni. Kisu kikiwa butu kinatafuna, na jeraha lililotafunwa halishiki.

Kwa hiyo kila jioni Tatu alikifuta utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akakidondoshea tone la mafuta ya cherehani pale kinapokunjia. Mafuta hayo aliyaomba kwa jirani yake Upendo, mshonaji.

"Jamani Mama Nasra," Upendo alimwambia siku moja, "cherehani yangu inayonilisha haipati mafuta kama hicho kisu chako."

"Cherehani yako hukurithi."

Mume wake, Hemedi, kuli wa bandarini, si mtu mbaya. Ni mtu wa kuazima tu. Anaazima baiskeli, anaazima nyundo, anaazima hata kandambili za wageni. Tatu aliposafiri kwenda arusini Masasi, wenzake Hemedi walimwalika Msimbati wakavue samaki na kuwachoma papo hapo. Kisu cha jikoni hakikuonekana. Kile cha babu, ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati, kilikuwa kinaonekana vizuri sana.

Tatu aliporudi, kabla hata hajala, alifungua kopo. Akatia ukucha penye bapa, akavuta. Kisu kimya. Akavuta tena, ukucha ukavunjika. Akakinusa.

"Baba Nasra! Kisu hiki kimekwenda wapi?"

"Kisu? Si hicho hapo mkononi mwako?"

"Sikuulizi kiko wapi. Nakuuliza kimekwenda wapi."

Hemedi akajikuna shingo. "Kilifika Msimbati. Mara moja tu."

"Kikaparua samaki?"

"Wachache."

"Na maji ya chumvi hukuyafuta?"

"Nilikifuta kwa shati."

"Shati kavu?"

Hapo Hemedi akakumbuka ana shughuli nje.

Tatu alikitumbukiza kisu kwenye bakuli la mafuta ya taa, akakiacha kinywe. Ndani ya nyumba hakukuwa na ugomvi. Kulikuwa na adabu nyingi tu, na adabu ya Tatu ilimtisha Hemedi kuliko kelele. Akapewa wali, akapewa mchuzi, akaulizwa kwa upole kama chumvi imetosha au aongezewe nyingine.

Kesho yake alirudi na kisu kipya, mpini mwekundu, kingali ndani ya plastiki yake. Tatu alikijaribu akiomba Mungu kikate vibaya, nacho kikakata vizuri. Ila bapa lake lilikuwa nene, kila alipopasua mche ulipasuka kupita kiasi. Kikapelekwa jikoni, na mpaka leo hakuna kinachomenya muhogo kama hicho.

Kisu cha babu kilikubali kufunguka hatimaye, kwa mlio wa kulalamika. Bapa lilikuwa na vitundu vya kutu kama uso wenye ndui. Tatu akatoa kinoo, akamwagia maji, akanoa taratibu asilitafune. Baada ya jiwe ilitakiwa ngozi ya kulainishia makali, na kipande chake cha zamani kilikuwa kimeisha. Akatazama huku na huku. Msumarini ulining'inia mkanda wa Hemedi, ngozi tupu.

Hemedi alikwenda kazini suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Bandarini makuli walimuuliza kama naye ni shehena, anasubiri kupakiwa. Alijua anastahili.

Lakini miche ya kwanza aliyobebesha Tatu haikushika. Vikonyo vilisinyaa, kimoja baada ya kingine, vikawa vyeusi. Alikipitisha kisu kwenye unywele, ukakwama. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akihisi kama amemwangusha babu yake mbele ya watu wote wale walionuna.

Vikonyo vilikuwa vimekwisha, ikabidi waende Kitaya kuchukua vingine kwenye shamba la mzee. Hemedi alijitolea kubeba magunia bila kuombwa. Shangazi Asia aliwapokea kwa uji, na Tatu akamsimulia mkasa wote, kisu kikiwa mkekani mbele yao. Alidhani shangazi atasikitika. Shangazi alicheka hadi akajifuta machozi.

"Kisu hiki? Baba alikipoteza masika nzima!"

"Babu? Aliniambia hakijapata kutoka mfukoni mwake!"

"Ulitaka amwambie nini mjukuu? Tulikipata tukichimba muhogo, kimekuwa kama kijiti cha kutu. Akawa anashinda barazani anakisugua, hali, hazungumzi, mpaka mama akamwambia, basi kioe hicho kisu, mimi nirudi kwetu."

Hemedi akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," Tatu akamwambia, ila mwenyewe alikuwa anacheka, na kifua alikihisi kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Masasi.

"Alikifanyaje kikarudi?" Tatu akauliza.

Shangazi akakishika kisu, akakigeuza kwenye mwanga. "Wewe umekionea huruma. Umenoa juu juu. Yeye alikila kwa kinoo mpaka akafika kwenye chuma kizima. Kisu kilipungua, lakini alisema afadhali kipungue kuliko kidanganye."

Tatu aliporudi Likombe alinoa bila huruma. Unga mweusi wa chuma ulitiririka kwenye kinoo, vitundu vikafutika, na bapa likawa jembamba zaidi. Safari hii unywele ulikatika kabla haujaguswa sawasawa. Akabebesha kwa vikonyo vya shambani kwa babu yake, akafunga, akasubiri, asubuhi anachungulia, jioni anachungulia.

Siku moja Hemedi ndiye aliyeita kutoka kitaluni. "Mama Nasra, njoo!" Kwenye mche wa pembeni kulikuwa na vijani viwili, vyekundu, laini kama sikio la mtoto. Kisha mwingine. Kisha mstari mzima.

Mvua za kwanza ziliponyesha, wateja walianza kuja. Wa kwanza alikuwa mwalimu Modesta, mgeni kutoka Bukoba, aliyenunua kiwanja na hajawahi kupanda mkorosho maishani mwake. Aliupakata mche kifuani kwa mikono miwili, manyunyu yanamlowesha.

"Mama Nasra, utazaa kweli huu?"

"Utazaa, mwalimu," Tatu akasema akimwekea majani juu ya udongo. "Wewe usiufungie mbuzi tu."