Mkalimani wa Mkutano wa Upepo

Mbodze alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika mtaa wa Tononoka. Kampuni iliyotaka kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo baharini ilipotafuta mkalimani, alichaguliwa yeye.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi mmoja nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Walikuja wavuvi na wanawake wakaanga samaki, akiwemo Mahira, aliyemjua Mbodze tangu yumo mgongoni mwa mamake. Kabla ya kuanza, Elvis, meneja wa kampuni, alimvuta pembeni.

"Mwalimu, tumia maneno laini. Tukipata saini zao leo, ofisini kuna kazi yako."

Mhandisi wa kampuni akaeleza kwa Kiingereza: eneo la mitambo litafungwa kwa miaka mitatu ya ujenzi, na baada ya hapo nyavu hazitaruhusiwa humo tena. Mbodze akawageukia wavuvi.

"Mtapisha kidogo wakati wa ujenzi," akasema, "kisha mtaendelea kuvua kama kawaida."

Watu wakapiga makofi, wakatia saini.

Mwezi uliofuata Mahira akapiga hodi kwake, mkononi ana mkataba wa Kiingereza.

"Nisomee, mwanangu. Mume wangu asema twende kwa wakili. Nikamwambia, ya nini, na Mbodze yupo?"

Mbodze alifika kwenye kifungu cha nyavu. Angeweza kukiruka. Alikisoma chote, kwa Kiswahili.

"Hili ni jipya," Mahira akasema. "Siku ile hawakulisema."

"Walilisema, mama. Ni mimi niliyelificha."

Mahira hakumgombeza. Alikunja karatasi, akavaa viatu mlangoni, akaondoka bila kuaga. Mbodze aliona heri angetukanwa.

Wiki hiyohiyo aliiandikia kampuni na chama cha wavuvi, akaeleza alichokificha, neno kwa neno. Kazi aliyoahidiwa ikayeyuka. Saini zikafutwa, mkutano ukaitishwa upya.

Safari hii wavuvi walikuja na mkalimani wao, msichana aitwaye Trizah. Mbodze aliketi nyuma kabisa. Viti viwili vya kando yake vilibaki vitupu. Katikati ya maelezo Trizah akakwama kwenye neno moja. Mbodze alilijua. Alipofungua mdomo, Mahira aligeuka akamtazama, naye akaufumba.

Trizah akamwomba mhandisi arudie, taratibu, mpaka akaelewa.