Posti Katika Tangi la Samaki

Nilijua kuna kitu kibaya kabla sijaweka kikapu chini. Nyumba ilinuka kama kabati jipya.

Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, alikuwa ameketi kwenye kiti changu, uso wake wa mtu anayengoja kushukuriwa. "Shem, angalia tangi," akasema. "Nimekumalizia kazi."

Hiyo kazi niieleze kwanza. Nina tangi la kioo nililonunua kwa bei ya kutupa kwa familia moja ya Milimani iliyokuwa ikihama, baada ya kuwaonyesha ufa ambao mpaka leo mimi mwenyewe siuoni vizuri. Ndani mna samaki mmoja mweusi, mapezi yake marefu kama shela, na wengine wa rangi ya chungwa, wahuni watupu, waliokuwa wamemtafuna mapezi hayo hadi yakabaki matambara. Hakuwa na pa kujificha. Samaki anayekimbizwa mchana kutwa hali, hapumziki, na mwishowe hufa. Nilimtaka apate mti wenye vichochoro aingie. Dukani mti wa aina hiyo wanauuza kana kwamba umechongwa na malaika. Nikawaachia.

Nyumbani kwetu Rongai kulikuwa na kisiki cha mpera, kimeng'olewa zamani kikakaukia nyuma ya zizi. Nilikigonga, nikakikwaruza kwa kucha, nikakinusa. Halafu nikakinusa tena. Hakikuwa na utomvu wala harufu. Mti mbichi huozea majini, na wenye utomvu huuachilia polepole, samaki wakafa bila kujua wamekosa nini.

Nilibandua maganda yote, nikasugua kwa brashi ngumu bila sabuni, kwa maana mti hunywa, na ulichokunywa mti, samaki atakuja kukinywa baadaye. Kisha nikakichemsha nje, kwenye ile sufuria kubwa ya githeri ya wageni. Jirani yangu akasimama kwenye ua.

"Mathe, unapika kuni kwa kuni?"

"Ndiyo."

"Na utaweka kitunguu?"

"Nitakuletea sahani yako."

Maji yalitoka meusi kama chai ya strungi. Nikamwaga, nikachemsha upya. Halafu nikakizamisha kwenye pipa, jiwe juu yake, nikibadilisha maji kila yalipogeuka rangi, hadi asubuhi hiyo nilipoondoa jiwe na kisiki kikatulia chini chenyewe bila kuelea. Nikaenda sokoni nikijua jioni yule mweusi atapata nyumba.

"Ile mti yako ilikuwa imeoza," shemeji akaniambia sasa. "Nyeusi, inateleza. Nimeitupa. Nimekuwekea sida, kipande ya posti, ilikuwa kwa fensi ya mzungu tangu zamani. Shem, hii hata mchwa haigusi!"

Maneno hayo utayasikia popote posti ya mwerezi inapouzwa, kuanzia Rongai hadi Longonot. Mimi mwenyewe nimeyatumia nikiuza.

"Kwa nini mchwa haigusi?" nikamuuliza.

"Si ni ngumu?"

"Ni sumu, boss! Hiyo harufu unasikia ndiyo inamfukuza. Mchwa anatoroka. Samaki atatorokea wapi, Eldoret?"

Kwenye tangi walikuwa wote juu, midomo nje ya maji, wakivuta hewa. Mweusi alikuwa amelala ubavu. Niliingiza mkono hadi kwapani nikang'oa ile posti, nyekundu, nzuri kweli, maji yakinirukia kifuani, nikaitupa nje mlangoni. Nilihitaji maji safi, tena mara moja. Ya mfereji yana dawa, lazima yalale kwanza. Nilikuwa nimeyalaza ndoo mbili.

"Ndoo zangu ziko wapi?"

Akatazama chini. "Niliosha nazo pikipiki."

Nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika, kisha nikampa ndoo tupu na kumpeleka kwa yule jirani wa kitunguu, mwenye tangi la maji ya mvua. Jirani alipouona uso wangu hakutania. "Chota," akasema. Shemeji akabeba, mimi nikatoa maji mabaya kwa jagi na kumimina mazuri kidogo kidogo, naye akaona muda huo ndio wa kunifariji.

"Shem, si ni samaki moja tu? Ikikufa nitakununulia ingine."

Nikaendelea kumimina. Ningemjibu, mume wangu angebaki bila ndugu.

Mweusi alijiinua taratibu. Wale wa chungwa walipata nguvu kabla yake, na jambo la kwanza walilofanya ni kumrudia kumtafuna. Nikamtuma shemeji jalalani alete kisiki changu. Alikileta kinang'aa: mtu alikuwa amemwaga oili chafu ya gari juu yake. Nikakinusa mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Hakuna brashi ya kuitoa hiyo. Kazi yote ile sasa ilikuwa kuni za jikoni, na hata huko zingenichafulia ugali.

Basi niliwavua wahuni wote, mmoja mmoja, nikawatia kwenye beseni la kufulia nililolisuuza na kulijaza maji ya mvua, nikawahesabu, nikaliweka katikati ya meza ya kulia chakula. Mweusi akabaki peke yake na tangi zima. Alizunguka mara moja, akashuka kwenye kona, matambara yake yakatulia.

Chakula kilipoiva meza haikuwa na nafasi. Shemeji alikula amesimama, sahani mkononi, akiangalia kiti kisha akiniangalia mimi. Sikumwambia akae.