Siku Niliyopanda Juu ya Gogo la Mabukwe

Nikiri mwenyewe kwanza, maana Busunzu nzima wanajua, na mkisikia kwa wengine watawaongezea chumvi: ni kweli mimi Zakaria nilimwonyesha mama mkwe wangu bukta, mchana kweupe, nikiwa nimesimama juu ya gogo lake, na ni kweli gogo lenyewe nililiharibu. Hayo ya kwamba nililia ni uongo, ule ulikuwa unga wa mbao umeniingia machoni. Na chanzo cha yote si suruali wala si gogo, ni wivu, tena wivu wa kumwonea mwanaume mwenzangu ambaye hajanikosea kitu.

Mwanaume huyo anaitwa Fidelisi. Kazi yetu ni kupasua mbao kwa msumeno wa mkono, ule mrefu wa watu wawili, mnachimba shimo linalompita mtu kimo, mnalaza gogo juu yake kwenye miti iliyokingama, mmoja anasimama juu ya gogo na mwenzake anaingia shimoni, halafu ni vuta nikuvute toka asubuhi mpaka mikono inakufa ganzi. Tuna miaka kumi na moja pamoja, na miaka yote hiyo Fidelisi yuko juu, mimi niko chini. Hakuna aliyepanga kwa ubaya. Siku ya kwanza yeye alikuwa na viatu na mimi sina, akapanda, basi ikawa hivyo.

Sasa nyie hamjui kuishi chini kulivyo. Unga wote unakushukia wewe, unakula unga, unakohoa unga, ukirudi nyumbani hata kuku wanakufuata wakidhani umebeba pumba. Mtu akipita njiani anamwona Fidelisi amesimama wima na anga lote ni lake, anamsalimia, "Mwakeye Fide," na mimi nikiitikia kutoka shimoni mtu anashtuka kama amesalimiwa na marehemu. Mbao zikifika Kibondo mjini zinaitwa mbao za Fidelisi. Kuna fundi seremala mmoja wa Kasulu, kila akija anainua ubao, anafumba jicho moja, anautazama urefu wake wote, anasema, "Fidelisi ana jicho," na mimi nimesimama hapohapo, nyusi zimejaa unga, hata hajaniona. Hayo yote niliyameza. Kilichonimaliza ni mke wangu Adera, jioni moja anafuta vumbi, akasema kwa wema kabisa, "Lakini mbao za Fidelisi zimenyooka jamani, tazama hili kabati." Kabati langu, ndani ya nyumba yangu. Ugali wa siku ile niliula sikusikia ladha yoyote.

Basi ndipo likaja suala la mninga wa mabukwe (huku kwetu mama mkwe tunamwita mabukwe, nami nitamwita hivyo hata nikiwa namsimulia aibu yangu). Marehemu mume wake alikuwa na mninga mmoja mpakani mwa shamba, na alipokuwa hai hakuruhusu hata tawi liguswe, alisema ule ni mlango wa nyumba ya matofali atakayomjengea mkewe. Akafariki kabla ya nyumba. Watoto wake wamekuja kuijenga mwaka huu, bati zimepanda, imebaki sehemu ya mlango, na mabukwe amening'iniza shuka hapo, halali vizuri, anasema ataweka mlango wa mzee au hataweka mlango. Kibali kikatoka, mninga ukaangushwa, na ndani yake likapatikana gogo moja tu safi la kutoa mbao tano za mlango. Mengine yalikuwa matawi ya kuni. Mabukwe akatuma ujumbe: "Mwambieni Fidelisi aje, aje na Zakaria." Yaani mkwe ni mimi, halafu natajwa nyuma kama msumeno.

Asubuhi ya kazi nikavaa suruali ya modo niliyoinunua kwenye mitumba ya Kasulu, ile inayobana mpaka unahesabu hatua, maana nilishaamua leo nitaonekana. Tulipokuwa njiani nikamwambia Fidelisi, "Leo juu napanda mimi."

Akasimama. "Kwa wakwe zako?"

"Ndiyo, kwa wakwe zangu."

"Sha, ndugu yangu, mkwe hasimami juu ya kichwa cha mabukwe. Kwingine kote sawa, ila pale shimo ndilo linakufaa."

Na alisema kweli, kila mtu wa huku anajua. Mkwe na mabukwe hawakaribiani, hamli pamoja, mkikutana njiani wewe unaingia kwenye majani mpaka apite, na akitaka kukwambia neno anamwambia binti yake, naye ndiye anakwambia wewe hata kama mko hatua tatu. Lakini wivu ulikuwa umeniziba masikio. Nilichosikia mimi ni kwamba Fidelisi anakilinda kiti chake. Nikamwambia kama hataki arudi kwao. Akacheka kidogo, na tulipofika akavua shati, akaingia shimoni.

Ukoo mzima ulikuwepo. Wanawake walikuja kupika na kufunga mizigo ya kuni, wote wamevaa kitenge cha sare, kile cha njano chenye kuku wa bluu walichoshona kwenye harusi ya shemeji yangu Yustina (mkikumbuke hicho kitenge). Baba mdogo wa Adera, Mzee Bukuru, alikaa kwenye kigoda kuangalia kazi. Tulipiga mstari kwa kamba iliyopakwa unga wa betri kuukuu, juu ya gogo na chini yake, nikapanda, na jamani, nisiwadanganye, kule juu ni kuzuri. Niliona mashamba yote ya mihogo hadi bondeni, niliona watu wakiniangalia mimi, Adera akanitabasamia, nikajisemea kumbe hivi ndivyo Fidelisi anavyoishi kila siku ya Mungu.

Shida ni kwamba wa juu anatakiwa atazame mstari, na mimi nilikuwa natazama wanaonitazama. Tumefika kama robo ya gogo, nikarudi nyuma hatua moja, nikatanua miguu, nikainama kuvuta, na mshono wa nyuma wa suruali ukaachia kutoka mkandani mpaka chini kabisa. Hapohapo mabukwe anatokea nyuma yangu na jagi la togwa la wafanyakazi, akidhani aliyesimama juu ni Fidelisi.

Ingekuwa bukta ya kawaida labda ningepona. Lakini Adera ana cherehani, na ni mtu asiyetupa kitu, vipande vilivyobaki vya kitenge cha sare alinishonea bukta mbili. Kwa hiyo mabukwe aliinua macho akakutana na kuku wale wale wa bluu aliowavaa yeye mwenyewe. Halafu nikasikia sauti ya mama mmoja kule kwenye kuni, ya kuuliza tu, bila ubaya, "Kwani na yeye tulimpa sare?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mabukwe akaweka jagi kwenye majani, akajifunika uso kwa khanga, akaingia ndani nyuma ya lile shuka. Yustina akatoa simu (ile video iko kwenye kundi la ukoo mpaka leo, wameiangalia hata walioko Buhigwe). Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikaona nikishuka Fidelisi atapanda, na atapanda huku watu wote wanaona amekuja kuniokoa, nikaona bora nife hapohapo. Nikabana magoti, nikaendelea kuvuta.

Sasa jaribu wewe kupasua mbao magoti yamebanwa. Msumeno unakwenda unakotaka. Fidelisi akaita kutoka chini, "Zaka, mstari." Nikamwambia, "Vuta." Akaita tena, "Zaka, umeuacha mstari, tusimame." Nikavuta kwa hasira zaidi, tukaenda hivyo mpaka mwisho wa gogo, ubao ukaachia, na mimi nikarudi nyuma hatua ambayo haikuwa na gogo. Nilitua shimoni kwa makalio, kwenye unga wangu niliouzoea, na Fidelisi ndiye aliyenishika kichwa kisigonge.

Nikakataa kutoka. Adera akaniteremshia kitenge cha kujifunga, cha njano, cha kuku, hakuwa na kingine.

Nilipotoka, ubao ulikuwa umelazwa kwenye majani na hakuna tena aliyekuwa anacheka. Mzee Bukuru aliinama akautazama. Ukingo mmoja umenyooka kabisa, ule mwingine unakwenda na kurudi kama njia ya mbuzi. Ulikuwa ubao mpana kuliko wote, wa katikati ya mlango, na mti wa marehemu hauna gogo la pili. Nilimwaza yule mzee aliyeulinda mninga wake maisha yote, na mimi nimeuharibu kwa asubuhi moja kwa sababu ya kusalimiwa njiani. Nilitamani shimo lile lifukiwe na mimi ndani.

Sauti ya mabukwe ikatoka nyuma ya shuka. "Adera, waulize, upande uliopinda ni wa nani?"

Adera akaniangalia, nikajifanya nakaza fundo la kitenge. Fidelisi akajibu, polepole, macho chini. "Uliopinda ni wa juu, mama. Leo juu alikuwa Zakaria."

"Na siku zote chini ni nani?"

"Ni yeye. Na kwa miaka kumi na moja upande wa chini haujawahi kupinda. Mimi huku juu nilishapotea mara nyingi, yeye ndiye anaushika msumeno mpaka najua nimekosea, narudi."

Hayo maneno niliyangoja miaka kumi na moja, nikaja kuyasikia nikiwa nimefungwa kitenge cha kuku mbele ya ukoo mzima. Hakuna aliyeyajali. Mabukwe akasema, "Adera, mwambie arudi alikokuwa."

Nikarudi. Tulipasua zile nne zilizobaki, Fidelisi juu, mimi chini, na kila nikivuta nilikuwa naufuata mstari kama mtu anayeomba msamaha. Zilitoka zimenyooka juu na chini, Mzee Bukuru mwenyewe alifumba jicho akazitazama. Ule wa kwanza fundi aliukata sehemu iliyopinda, ukabaki mwembamba, ikabidi aujazie kwa kipande cha mkaratusi. Kwa hiyo mlango wa mzee upo, mwekundu mzuri, na katikati una mstari mweupe kutoka juu hadi chini.

Nimeapa sipandi tena juu ya gogo, la mkwe wala la mgeni, na ile modo Adera ameikata matambara ya kufutia kabati. Wivu haujaisha, siwezi kuwadanganya, umepungua kidogo tu. Maana kila mgeni akifika kwa mabukwe anaupapasa ule mlango, anasema mbao za Fidelisi kweli zimenyooka, halafu anauliza hicho kipande cheupe ni cha nini, na mabukwe anajibu kwa upole kabisa, "Hicho ni cha mkwe wangu Zakaria."